Transista Nne Badala ya Ngurumo

Tarehe 6 Februari

Mwanangu,

"Transista inafanya kazi ile ile ya pengo la cheche, tofauti ni kwamba transista ina adabu." Hayo ni maneno yako, ukurasa wa pili wa barua yako ya mwezi uliopita. Nimeyapigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu na nitayavunjavunja sasa hivi. Ila salamu kwanza, sikulelewa porini.

Hatujambo. Baba yako anakusalimu; goti linamsumbua yeye, na yeye anatusumbua sisi. Mama yako, wifi yangu kipenzi, amepaka sebule rangi ya kijani iliyoonekana nzuri ikiwa kwenye kopo, na sasa kila mgeni anayeingia anashika pumzi kama anayezama bwawani. Usimwambie nimesema. Paka amezaa ndani ya sanduku langu la waya za shaba. Watoto wanne, na wote wanalala kwenye ule waya mzuri niliouweka kwa kazi maalumu.

Sasa hiyo adabu yako. Mwaka wa ishirini na mbili huu naendesha koili ya Tesla hapa kwenye jumba la maonyesho ya sayansi, na wewe umekulia kando yake, kwa hiyo usijifanye mgeni. Transfoma inajaza kapasita. Kapasita inajaa mpaka hewa iliyo kati ya vile vipande viwili vya shaba, yaani pengo lenyewe, inashindwa kuvumilia, inapasuka, paa! Mkondo wote unaruka kuingia koili ya chini, koili ya chini inaisukuma ya juu kama mtu anavyosukuma bembea, na kule kileleni, kwenye duara la bati, inatoka radi ya mita moja na nusu. Swichi yangu ni nini? Ni hewa! Haina kiwanda, haina karatasi ya maelekezo. Nikiiunguza, nyingine inaingia yenyewe kupitia dirishani. Hebu niambie, fundi wangu wa lifti, transista ikiungua, nyingine inaingia kupitia dirishani?

Na sauti je? Wanafunzi wanakuja kuona, ndiyo, lakini wanachokwenda kusimulia nyumbani ni sauti. Pengo likipiga unalipokea kifuani. Hiyo ndiyo fizikia. Vingine vyote ni picha.

Nakuja kwenye jambo lenyewe, na usicheke. Zahanati ya jirani imelalamika. Kila nikiwasha, mashine yao ya kuchora mapigo ya moyo inachora miba. Wanasema mzee mmoja mwenye afya tele alitangaziwa hali mbaya mpaka akaanza kuusia watoto. Msimamizi wa jumba amenipa mpaka mwisho wa Juni: ama koili iache kuchafua mawimbi, ama iende stoo, mahali pake paning'inizwe skrini, na mimi nihamie mlangoni kuwaonyesha watu vilipo vyoo.

Kwa hiyo nauliza, kwa kutaka kujua tu: hizo transista zako zingekaaje kwenye mashine yangu?

Usinipigie simu. Ubishi wa simu hauna kumbukumbu, mtu anakana alichosema jana. Andika. Na utakuja lini? Mara ya mwisho ulikaa siku mbili, na ukumbini hukutia mguu.

Shangazi yako


Tarehe 27 Februari

Shangazi, shikamoo.

Sisi wazima. Mume wangu amenyoa ndevu na sasa mlinzi wa karakana anamdai kitambulisho kila anaponiletea chakula, anadhani ni mwanafunzi wa mazoezi. Mwambie mama nimeota rangi ya kijani, aone mwenyewe nani kamsema.

Nimesoma mashambulizi yako. Umenishinda kwenye hewa ya dirishani, nakubali. Lakini pengo lako lina tatizo moja ambalo zahanati imelitaja na wewe umeliruka: linaongea na kila mtu. Cheche inapopasuka inatupa kelele kwenye mawimbi yote kwa pamoja, kama mtu anayemtafuta rafiki yake mmoja kwa kugonga milango ya mtaa mzima. Transista inafunga na kufungua kwa mwendo ule ule wa koili, mara laki moja na zaidi kwa sekunde, na inagonga mlango mmoja. Haitakuwa bubu kabisa. Zungushia sakiti wavu wa waya kama nilivyochora. Halafu pengo lako linakula nusu ya nguvu yako likitoa joto na harufu, na vipande vyake vya shaba unavipiga msasa kila Ijumaa. Hilo nalo utaniambia ni fizikia?

Ninakutumia kwa basi sanduku lenye transista nne, za aina tunayotumia kuendesha mota za lifti. Nimezifunga kwenye bamba la alumini. Kuna pete ndogo: pitisha waya wa koili ya chini katikati yake, ndiyo inayoisikiliza koili na kuziambia transista lini zigeuke. Kuna kisanduku chenye nobu mbili. Ya kwanza ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Ya pili ni urefu wa kila pigo, na hiyo ndiyo yenye hatari. Sekunde moja ukiikata vipande milioni, pigo lisizidi vipande mia. Kwenye nobu hiyo nimeweka alama nyekundu kwenye namba nne. Usiivuke. Kila pigo likirefuka, mkondo unapanda, na transista haina subira ya hewa yako.

Kuhusu kuja, tutaona.

Wako


Tarehe 20 Machi

Mwanangu mwenye adabu,

Tunaendelea. Watoto wa paka wamefumbua macho na mmoja ana tabia ya kuuma soli ya kiatu changu nikiwa nimekivaa. Mama yako ameongeza pazia la manjano. Sina la kusema. Nimekaa nalo kimya, na wewe unajua kwangu kimya ni ugonjwa.

Sanduku lilifika na kona moja imebonyea lakini ndani salama. Nilitoa pengo, nikafunga vyako. Nikawasha. Hakuna kitu. Hata cheche ya kuwashia jiko. Nikakutukana kidogo, kwa upendo. Siku mbili nzima nafuata waya moja moja. Baba yako alikuja kuniletea miwani, akasimama pale na mkongojo wake, mtu ambaye maisha yake yote ni cherehani, akasema, "Hiyo pete si umeivalisha nyuma mbele? Kama mkono wa shati." Nikamwambia aende akakae. Alipotoka nikaigeuza. Radi ya mita nzima!

Mpaka leo hajui kuwa alipatia, na hatajua.

Sasa sikia mashtaka. Radi yako haina sauti. Naiona inacheza juu pale, ya zambarau, nzuri kabisa, lakini ni kama kuwatazama watu wanaogombana nyuma ya kioo cha benki. Nikasema labda haijapata mwendo wake, nikaisogeza kidogo. Zikapasuka zote nne kwa mpigo. Kipande kimoja kimeingia kwenye ubao wa dari na kimekataa kutoka. Msimamizi alikuja mbio na ndoo ya mchanga, nikamwambia ni sehemu ya majaribio.

Nakurudishia mabaki kwenye kopo la majani ya chai. Zilete nyingine, ngumu zaidi. Hizi ni za kubeba watu wembamba.

Shangazi yako


Tarehe 9 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Huku salama. Ndevu zinaota tena, mlinzi ameanza kutusalimu.

Nimefungua mabaki kwenye meza ya karakana, wenzangu wamenizunguka kama watu wa msibani. Hazikuwa laini. Zimeyeyuka katikati, maana yake mkondo ulipanda kupita kiasi. Nakutumia nyingine nne za aina ile ile.

Swali moja tu, na naomba unijibu kabla hujawasha: "kidogo" uliyosogeza ni nobu ipi, na iliishia namba ngapi?

Wako


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Nimejibu swali lako kwa njia ya vitendo: hizo nyingine nazo zimekufa.

Usinune. Salamu kwanza. Goti la baba yako limepona ghafla siku ya harusi ya jirani na likaumwa tena kesho yake siku ya kuhamisha makabati. Watoto wa paka watatu wamepata kwao. Huyu mla viatu amebaki, tunamwita Koleo.

Nobu ni ya pili. Namba ni tisa.

Ndiyo, niliiona alama yako nyekundu, mimi si kipofu. Lakini hukuwahi kujifunza koili kwa alama, ulijifunza kwa masikio, na niliyekufundisha ni mimi. Koili ikishika mwendo wake inatoa ule mlio wa kitambaa kinachochanwa, mkali, mkavu, unaujua. Mlio huo ukija, umefika. Usipokuja, bado. Basi nikaanza na mbili, kimya. Nne, kimya. Sita, nasikia kitu kama mtu anayefagia chumba cha pili. Nikaenda saba, nikaenda nane. Baba yako alikuwa kwenye kiti cha mbele, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili na bado anapiga kelele nizime. Alipotoka ananiambia alisikia nguo za mji mzima zinachanwa kwa wakati mmoja. Anapenda kutia chumvi, tangu utotoni. Amenihama mpaka leo, anakunywa chai yake chumbani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: transista zako zina nguvu ya kuonyesha na hazina nguvu ya kunguruma. Mwisho wa Juni unakuja. Niletee zenye sauti.

Shangazi yako


Tarehe 14 Mei

Shangazi, shikamoo.

Leo sina habari za ndevu.

Kwenye namba nne koili hii inasikika nje ya jengo. Nilijenga ya mfano hapa karakana, nikaipima kwa kifaa. Kwenye sita mtu aliye ndani ya ukumbi hawezi kuongea na jirani yake. Kwenye tisa hatukufika, kwa sababu bosi wangu alikuja kutoka jengo la pili kuuliza tunachinja nini.

Baba hakutia chumvi.

Ulisimama umbali gani? Ulisikia nini hasa? Na simu, Shangazi, tangu lini umeacha kupokea simu?

Wako


Tarehe 1 Juni

Mwanangu,

Tu wazima wote. Koleo amekula kiatu kizima cha mgeni wa baba yako, na mgeni akaondoka na ndala zangu. Sebule imepakwa upya, sasa ni rangi ya maziwa, sote tunaweza kupumua.

Lile swali lako sikulielewa vizuri. Nimerudisha pengo la cheche. Linapiga vizuri. Zahanati watavumilia mwezi mmoja, na baada ya hapo msimamizi afanye anavyotaka.

Usijisumbue kutuma kitu.

Shangazi yako


Tarehe 8 Juni

Shangazi yangu,

Hukujibu, nami nimeamua kutokuuliza tena. Nitasema la kwangu.

Sikio langu la kushoto linalia. Ni mlio mmoja mwembamba, kama televisheni iliyosahauliwa ikiwaka chumba cha pili. Ulianza nikiwa na miaka kumi na sita, likizo ile tuliyobadilisha transfoma, nilipokuwa nakaa kwenye ile stuli yangu, hatua moja kutoka kwenye pengo, kushoto kwake. Nilidhani utaisha. Nina miaka thelathini na moja.

Ndiyo maana siingii ukumbini. Pia ndiyo maana naandika kurasa nne nne kuhusu transista kama mtu anayetaka kura. Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyenipa stuli ile, na ilikuwa zawadi. Nilijua ukisikia, hutawasha tena, na mimi sikutaka kuwa mtu aliyekuzimia mashine yako. Nikaona afadhali nikushinde kwa hoja, uibadilishe mwenyewe, tuendelee kugombana kama kawaida.

Nadhani nilikosea kunyamaza. Kama ningesema miaka ile, labda na wewe ungeyaziba masikio yako mapema.

Nakutumia seti ya mwisho. Safari hii nimeongeza kizuizi: mkondo ukifika mpaka wake, sakiti inakata yenyewe, hata nobu ikiwa kumi. Ilikuwa kazi yangu kukiweka tangu mwanzo. Nikategemea alama nyekundu, ilhali najua fika wewe na alama hamjawahi kuelewana. Nimeongeza pia mita yenye mshale. Huhitaji kusikia kitu. Mshale ukisimama kwenye kijani, imeshika mwendo.

Na kuna vifuniko vya masikio, jozi mbili. Moja ni yako. Nyingine ni yangu, nikija.

Wako


Tarehe 24 Juni

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama langoni, halafu nikaisoma nimekaa kwenye ngazi, halafu baba yako akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Nimekwenda kupimwa. Mtaalamu wa masikio ni kijana mpole. Alinifungia kwenye kichumba kidogo chenye dirisha la kioo, akanipa kitufe, akasema, "Bonyeza kila ukisikia." Nikakaa. Nikamwangalia. Yeye anaandika, mimi nasubiri. Baada ya muda nikaona mtu huyu ana dharau, nikagonga kioo: "Bwana, utaanza lini?" Alikuwa amemaliza nusu.

Amenionyesha mchoro. Sauti nene ninazo karibu zote. Nyembamba zimeporomoka kama ngazi iliyokatika. Milio ya ndege iko huko, na ncha za maneno, na nguo inayochanwa. Si za mwaka huu, anasema, ni za miaka mingi. Unajua nilikuwa naiendeshaje koili miaka yote hiyo? Kwa kifua. Pengo lilikuwa linanipiga mbavuni na mimi nikadhani ninasikia. Siku nilipolitoa na kufunga transista zako, mbavu zikanyamaza, na nilichosikia ndicho nilichobaki nacho. Nililaumu transista. Kwamba tatizo ni masikio yangu nililijua palepale, siku ya kwanza, kabla hata hazijapasuka. Niliogopa msimamizi akisikia atanitoa kwenye swichi, basi nikaona bora transista zife kuliko mimi kukiri.

Nimemwambia. Nilikwenda ofisini kwake na mchoro mkononi, nikauweka juu ya faili zake. Aliusoma, halafu akasema, "Kwa hiyo miaka miwili hii ninapokuambia punguza, husikii?" Nikamwambia, hilo nilikuwa nasikia. Akacheka mpaka akavua miwani. Uamuzi wake: mwenye swichi ni mimi, ila mshale usipokuwa kwenye kijani siwashi, na hakuna anayevuka kamba bila vifuniko vya masikio, mimi wa kwanza. Jana tumewasha mbele ya muuguzi wa zahanati, mwenzake akiwa kule kwenye mashine ya moyo. Nobu kwenye nne. Muuguzi akapiga simu, akasikiliza, akaniinulia kidole gumba. Mstari ni safi, hauna mwiba hata mmoja. Koili haiendi stoo.

Pengo nimelifungua kwa spana yangu mwenyewe.

Kuhusu sikio lako sina ubishi wa kukupa, na wewe unajua hilo ni jambo geni kwangu. Nilikuweka pale mimi. Sikuuliza, sikukuziba masikio, nilikuwa na haraka ya kukuonyesha. Nimekosa, mwanangu. Usinijibu kwamba si kosa langu, nitaipigia mstari mwekundu.

Ila hasira ninayo, na lazima iende mahali. Kwenye chama chetu cha watengeneza koili wako ishirini na sita ukiniondoa mimi, na wote isipokuwa wawili wanaapa kwa pengo la cheche, wengi kwa sababu mimi niliwaapisha. Barua hii hapa chini naituma leo kwa kila mmoja. Nakuonyesha kwanza wewe.

"Kwenu ninyi ishirini na nne mnaoendesha pengo la cheche. Mmezoea kunisikia nikisema transista ni mchezo wa watu waoga. Nilikosea, na vipimo vyangu nimeviambatanisha hapa ili msipoteze muda kuniita mwoga. Anayetaka kubaki na pengo ana haki yake, lakini alifungie ndani ya sanduku nene, aweke na wavu. Anayetaka transista aniandikie, mchoro ninao, na kizuizi cha mkondo kimo. Hayo tutabishana baadaye. Neno lenyewe ni hili. Wiki hii, si mwezi ujao, zimeni swichi mkapimwe masikio. Halafu kaeni chini mwandike jina la kila mtoto aliyewahi kukaa kwenye stuli kando ya mashine yenu, wenu, wa dada zenu, wa jirani, hata kama leo ni mtu mzima mwenye ndevu. Mtafuteni mmoja mmoja. Muulizeni kama sikio lake linalia. Msikubali jibu la 'niko salama.' Muulizeni mara ya pili."